Kilo za Mitwero na Saa ya Dunia: Namna ya Kutunza Wakati Ndani ya Programu

Gunia la korosho linapopimwa Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, karani anaweza kuandika daftarini "saa 1:12 asubuhi", simu yake ikaonyesha 07:12, na seva iliyoko Ulaya ikaandika 04:12. Namba tatu, gunia moja, na hakuna aliyekosea. Kosa linaanza pale mwandika programu anapochukua mojawapo ya namba hizo na kuitupa kwenye hifadhidata bila kusema ni namba ya aina gani. Miezi miwili baadaye mhasibu anakuta mzigo ulioingia kesho yake, au mzigo uliolipwa kabla haujapimwa, na simu zinaanza kulia.

Makala hii ni kwa vijana wanaoandika programu za vyama vya msingi, maghala, zahanati, mabasi na masoko ya samaki huku kusini, wakitumia Java, Kotlin, C#, Python au lugha nyingine yoyote ya objekti. Ninalotaka kuwashawishi ni hili: wakati si kitu kimoja. Kuna nukta iliyopita, kuna tarehe, kuna miadi, na kila kimoja kinastahili klasi yake. Ukivichanganya kwenye klasi moja, au vibaya zaidi ukaviweka vyote kama maandishi, utakuwa unajumlisha na kutoa saa tatu maisha yako yote, na kila unaporekebisha sehemu moja unaharibu nyingine.

Tuone kwanza hasara inavyotokea. Msimu umechanganya, malori yamepanga foleni, karani anapima hadi saa 3:30 usiku. Programu yake inatuma maandishi "2025-10-21 21:30" bila kitu kingine. Seva, ambayo saa yake imewekwa kwenye UTC, yaani saa ya dunia, kama seva nyingi zilivyo, inadhani hiyo ni saa 21:30 ya dunia. Ripoti ikitolewa, mtu makini ameiambia iongeze saa tatu ili ilingane na Afrika Mashariki, na mzigo unasomeka 00:30 ya tarehe 22. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hauzi tena kwa anayekuja na fedha mkononi. Mzigo wake unaingia kwenye orodha na orodha inakwenda mnadani. Ukikosa orodha moja unasubiri nyingine, na bei za minada hazifanani. Kilo ni zilezile, lakini fedha ni nyingine, kwa sababu ya saa tatu ambazo hakuna aliyeziandika popote.

Sasa turudi kwenye msingi. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Wakati uliorekodiwa ni 00:58:53 kwa UTC. Aceh ilikuwa 07:58 asubuhi ya Jumapili. Lindi watu walikuwa wamelala, saa 9:58 usiku. Chicago ilikuwa bado Jumamosi jioni, tarehe 25, watu wako kwenye Krismasi. Saa nne tofauti na hata tarehe mbili tofauti, lakini tetemeko lilikuwa moja. Mawimbi yake yalivuka Bahari ya Hindi yakafika pwani yetu baadaye siku hiyohiyo. Mtu akitaka kujua yalisafiri kwa muda gani, akachukua saa ya Lindi yalipofika akatoa saa ya Aceh yalipoanza, atapata jibu pungufu kwa saa nne nzima. Akitumia UTC pande zote mbili, jibu litakuwa sahihi bila kujua hata Aceh iko wapi kwenye ramani.

Hiyo ndiyo nukta ya wakati: tukio lilitokea, na lilitokea mara moja kwa dunia nzima. Uzito wa gunia haubadiliki kwa sababu umeusoma kwa kilo au kwa ratili, na nukta nayo haibadiliki kwa sababu umeisoma ukiwa Mitwero au Maskati. Kwa hiyo ndani ya kompyuta nukta haihitaji kanda ya saa, haihitaji mwezi, haihitaji asubuhi wala jioni. Inahitaji namba moja tu, ambayo kwa desturi ni sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, na ambayo kwetu mwanzo wake ulikuwa saa 9 usiku. Gunia letu la asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2025 ni 1761019920. Ukiliandika ili binadamu alisome bila utata, ni 2025-10-21T04:12:00Z, na ile Z ya mwisho ndiyo inayosema "hii ni UTC". Usiiache. Herufi hiyo moja ingezuia balaa lote la gunia la saa 3:30 usiku.

Tengeneza klasi, au tumia iliyopo, yenye namba hiyo na si kitu kingine. Kwa ajili ya makala hii tuiite Papo. Java wanaiita Instant. Katika C# kazi hiyo hufanywa vizuri na DateTimeOffset. Papo inajua mambo machache: kama imetangulia Papo nyingine, muda uliopo kati yao ni kiasi gani, na namna ya kujiandika kwa muundo wa ISO wenye Z. Haijui leo ni Jumanne. Haijui kama ni mchana. Ukiiuliza "wewe ni saa ngapi?" inatakiwa ikujibu "niambie kwanza uko wapi", yaani metodi ya kupata saa isiwepo kabisa mpaka utoe kanda. Hapo ndipo faida ya lugha za objekti inapoonekana: mwandika programu anayejaribu kuuliza tarehe ya Papo bila kutaja mahali anazuiwa na lugha yenyewe, kabla programu haijafika kwa mteja.

Kinyume chake ni ile klasi ya zamani ya Java, java.util.Date, iliyokuja na Java ya kwanza mwaka 1996. Jina linasema tarehe, lakini ndani yake mna milisekunde za UTC. Ukiichapisha inavaa kanda ya mashine inayoendesha programu, kwa hiyo objekti ileile inasomeka 07:12 kwenye kompyuta yako Lindi na 04:12 kwenye seva, na wewe unaapa kwamba data imebadilika njiani. Ukiiomba mwezi, Oktoba ni 9. Ukiiomba mwaka, 2025 ni 125. Na JavaScript, iliyotengenezwa kwa haraka, ilinakili mtindo huohuo, miezi ya sifuri na yote. Mpaka leo kuna mifumo inayowapa watu stakabadhi za mwezi uliopita kwa sababu hiyo.

Ubaya mkubwa zaidi wa klasi ile, kwa maoni yangu, ni kwamba inabadilika. Objekti ya mzigo inampa mtu wa ripoti Date yake. Mtu wa ripoti anaisogeza hadi saa sita usiku ili apate mwanzo wa siku. Na mzigo wenyewe, bila taarifa, nao umeshahamia saa sita usiku. Papo isibadilike ikishazaliwa. Ukiiongezea saa mbili ikupe Papo mpya, ile ya kwanza ibaki ilivyokuwa. Java ilirekebisha haya yote katika toleo la 8, Machi 2014, kupitia kazi iliyoongozwa na Stephen Colebourne, ambaye alikuwa tayari ameonyesha njia kwa maktaba yake ya Joda-Time. Kama bado unakutana na Date kwenye mradi wa zamani, igeuze kuwa Instant mlangoni na usiiruhusu ipite sebuleni.

Wanaotumia Python wana mtego wao. Metodi ya utcnow inarudisha saa ya UTC, vizuri, lakini objekti inayorudi haina alama yoyote ya kanda. Ukiiomba namba ya sekunde, Python inadhani ni saa ya mashine, na kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Dar es Salaam jibu linakosea kwa sekunde 10,800. Kwenye seva ya UTC halikosei, ndiyo maana mtu anajaribu, anaona sawa, anapeleka kazini. Metodi hiyo ilitangazwa kuwa ya kuachwa katika toleo la 3.12 la mwaka 2023. Tumia now ukiipa kanda ya UTC waziwazi. Na katika C#, ukilinganisha DateTime mbili kwa alama ya usawa, lugha haijali kama moja ni ya UTC na nyingine ni ya hapa. Inaangalia tarakimu tu. Java nayo, ukilinganisha 04:12Z na 07:12+03:00 kama OffsetDateTime kwa equals, inasema si sawa, ingawa ni nukta moja. Metodi ya isEqual ndiyo inayosema ukweli. Papo haina matatizo haya kwa kuwa haina pa kuyaweka.

Jambo jingine dogo linalouma: amueni mapema kama namba yenu ni sekunde au milisekunde, na liandikeni ndani ya jina la metodi. Ile 1761019920 ikisomwa kama milisekunde inakupeleka tarehe 21 Januari 1970. Ukiona ripoti yenye Januari 1970, usihangaike na kanda. Mtu amesahau kuzidisha kwa elfu.

Sasa kanda. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati inayotulemaza. Saa zetu ni UTC kuongeza tatu, Januari hadi Desemba, hatusogezi saa mbele wakati wa kiangazi kama Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika "ongeza 3" kwenye msimbo wake na asiumbuke kwa miaka. Ataumbuka siku programu itakapotoka nje ya uwanja. Vuka Ruvuma tu, uingie Msumbiji, na saa inarudi nyuma kwa moja. Simu ya dereva ikishika mtandao wa ng'ambo na ikiwa imeachiwa ijirekebishe yenyewe, itabadilika bila kumwuliza. Kongo ina kanda mbili ndani ya nchi moja. Jamaa aliyeko London ana saa mbili nyuma yetu kiangazi na tatu kipupwe. Tena nchi hubadilisha mawazo: Sudan Kusini, mwanachama mwenzetu wa Jumuiya, ilihama kutoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021. Ndiyo maana nasema andika jina la kanda, Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Juba, usiandike tatu. Jina linabeba historia na mabadiliko yajayo. Namba haibebi chochote.

Historia yenyewe ina vituko. Kwa muda mrefu kumbukumbu za kanda zinazotumiwa na kompyuta nyingi duniani, zile alizozianzisha Arthur David Olson na ambazo sasa zinahifadhiwa na IANA, zilikuwa na mstari wa Dar es Salaam wa peke yake. Mstari huo ulisema Tanganyika ilitumia UTC+3 kuanzia 1931, ikashuka hadi saa 2 na dakika 45 mwaka 1948, ikarudi +3 mwaka 1961. Baadaye mstari wetu uliunganishwa na wa Nairobi, kwa sababu tangu 1970 miji hiyo miwili haijawahi kutofautiana, na kwa Nairobi zile dakika 45 zinaishia zamani zaidi.

Unaweza kusema, nani anajali dakika 15 za mwaka 1955? Anajali mzee wa Mitwero ambaye cheti chake kinasema amezaliwa 1 Julai 1955. Mfumo wa usajili ulihifadhi tarehe hiyo kama nukta: saa sita usiku ya Lindi, igeuzwe UTC. Kompyuta yenye kumbukumbu mpya imeandika 21:00 ya tarehe 30 Juni. Kompyuta ya zahanati, yenye toleo la zamani la Java ambalo hakuna aliyeligusa, inaisoma kwa saa 2 na dakika 45, inapata 23:45, na kadi inachapishwa 30 Juni. Sasa mzee ana tarehe mbili za kuzaliwa katika ofisi mbili, na atatumwa kuleta barua ya mtendaji.

Dawa haiko kwenye kanda. Dawa ni kutambua kwamba tarehe ya kuzaliwa si nukta. Haina saa, haina UTC, haisafiri. Iweke kwenye klasi ya Tarehe yenye mwaka, mwezi na siku, basi. Java wanayo, LocalDate. Hifadhidata nyingi zina safu ya aina ya tarehe tupu. Kadhalika siku ya mavuno, siku ya sikukuu, tarehe ya kuisha kwa dawa. JavaScript ina vitimbi hapa pia: ukiipa maandishi ya tarehe tupu inayachukulia kuwa mwanzo wa siku kwa UTC. Kwetu hilo ni saa 9 usiku ya siku ileile, kwa hiyo hatuoni kasoro. Mtoto wako aliyeko Chicago akifungua fomu hiyohiyo anaona siku iliyotangulia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaohubiri "hifadhi kila kitu kwa UTC". Ni ushauri mzuri kwa yaliyokwisha kutokea. Kwa yajayo ni hatari. Kikao cha chama kimepangwa Alhamisi ijayo saa 4 asubuhi. Watu wamekubaliana juu ya saa ya ukutani mahali fulani, hawakukubaliana juu ya nukta. Aliyekuwa na miadi Juba ya saa 3 asubuhi tarehe 8 Februari 2021, na akaihifadhi mapema kama 06:00Z, alijikuta programu inamwita saa 2 asubuhi, kwa sababu nchi ilikuwa imebadilisha saa katikati. Klasi ya Miadi ibebe vitu vitatu: tarehe, saa ya ukutani, na jina la kanda. Nukta yake ihesabiwe pale inapohitajika, kwa mfano dakika chache kabla ya kutuma ujumbe wa kukumbusha, na isichukuliwe kuwa ndiyo ukweli. Mnada ukishafanyika, hapo ndipo Papo inazaliwa: mnada ulifungwa nukta fulani, na hilo halibadiliki tena.

Na ripoti za "leo" je? Ukiambia hifadhidata ikusanye kwa tarehe wakati safu ni ya UTC, siku yake inaanza saa 9 usiku kwetu. Kwa ghala la korosho hutaona tatizo, maana hakuna anayepima saa 8 usiku. Kwa dagaa utaliona haraka. Dagaa wa pwani hii huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza, mbalamwezi ikiwa haipo, na boti zinarudi kwa nyakati zinazovuka saa sita usiku. Shehena iliyoshushwa saa 7 usiku itahesabiwa jana, ya saa 10 alfajiri leo, na mwenye boti ataona usiku mmoja wa kazi umekatwa vipande mahali pasipo na maana yoyote kwake. Hata saa sita usiku ya Lindi si mpaka wake. Kwa mvuvi siku ya kazi inaanza jua likizama. Kwa hiyo usiweke neno "leo" ndani ya Papo. Weka klasi ya SikuYaKazi inayopewa kanda na saa ya kuanzia, na umwulize mwenye boti, usijijibu mwenyewe.

Hilo linatuleta kwenye saa ya Kiswahili, ambayo nimeona watu wakiifanyia maajabu. Kwa kuwa saa 1 asubuhi ni 07:00, na 07:00 ni 04:00 kwa UTC, mjanja anagundua kwamba tarakimu zetu zinalingana na UTC kutoa tatu, yaani saa za Buenos Aires. Akaweka kanda ya Buenos Aires ili skrini ionyeshe saa 1. Skrini inapendeza, lakini kila nukta inayozaliwa kutokana na saa iliyoingizwa kwa mkono inakuwa na kosa la saa sita, na tarehe inabadilika saa 12 asubuhi. Saa ya Kiswahili haina kanda yake. Ni namna ya kusoma kanda ileile ya Dar es Salaam. Mahali pake ni mdomoni mwa programu, pale inapozungumza na mtu, na ndani kabisa isijulikane.

Maktaba za kawaida zitakupa maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku ukiwasha lugha ya Kiswahili, lakini hazihamishi tarakimu, kwa hiyo zinaweza kukuandikia "7 asubuhi" bila haya. Andika klasi yako ndogo, tuseme MsomajiSaa. Inapokea Papo na kanda, inapata saa ya mfumo wa 24, inaongeza sita, inagawa kwa kumi na mbili na kuchukua baki. Baki ikiwa sifuri inaandika 12. Saa 07 inakuwa 1, 12 inakuwa 6, 18 inakuwa 12, 00 inakuwa 6. Kisha neno la kipindi. Hapo utapata ubishi, maana saa 9 kuna wanaoiita mchana na wanaoiita alasiri. Chagua moja, iweke mahali pamoja, usiitawanye kwenye kurasa ishirini.

Kuingiza ni kugumu kuliko kuonyesha. Mtu akiandika "Ijumaa saa 7 usiku", kwa kompyuta ni 01:00 ya Ijumaa, kwa wengi wetu ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, yaani 01:00 ya Jumamosi. Usikisie. Fomu imrudishie kwa maneno anayoyatumia kila siku: "Usiku wa kuamkia Jumamosi, ndiyo?" Kubofya mara moja zaidi ni nafuu kuliko boti iliyosubiriwa usiku usiokuwa wake. Na kwenye karatasi rasmi, stakabadhi au tiketi ya basi, chapisha zote mbili, saa 1:12 asubuhi na 07:12, kwa sababu karatasi itasomwa na mtu ambaye hukumfikiria.

Sasa simu zenyewe. Tumekuwa tukizungumza kana kwamba saa ya simu ni ya kuaminika. Simu ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kuwa na kanda ya nchi ilikotoka. Mwenye simu anaona saa imekosea, anaingia kwenye mipangilio, anasogeza tarakimu mpaka zilingane na redio, anaridhika. Kioo kinaonyesha 07:12 sahihi kabisa. Chini yake kanda ni ya Dubai, UTC+4, na Papo inayozaliwa inasema 03:12Z. Hakuna klasi nzuri itakayokuokoa hapo, kwa sababu namba ilikosewa kabla haijafika kwako.

Kwa hiyo rekodi ya mizani iwe na Papo mbili: ile iliyosemwa na simu, na ile ya seva ilipopokea. Usitupe yoyote. Zikiwa karibu, iamini ya simu. Zikiachana kwa saa kamili moja au tatu, weka alama ya kukaguliwa. Zikiachana kwa siku nzima, pengine ni mtandao. Mei 2024 kusini ilionja yote: kimbunga Hidaya kilipiga mwanzoni mwa mwezi na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga, kisha tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikazorota nchini. Programu iliyokuwa ikichukua saa ya seva kama saa ya tukio ingeandika kazi yote ya siku hizo ndani ya dakika moja, ile ambayo mtandao ulirudi. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Android inahesabu muda tangu simu ilipowashwa, hesabu ambayo mtumiaji hawezi kuisogeza kwa kidole. Ihifadhi pamoja na kila pimo. Mtandao ukirudi kabla simu haijazimwa, seva inaweza kukokotoa nukta halisi ya kila gunia.

Sekunde zinazoongezwa mara mojamoja kwenye UTC nitazipita haraka. Zimekuwa 27 tangu 1972, ya mwisho ilikuwa mwisho wa Desemba 2016, na mataifa yamekubaliana kuziacha ifikapo 2035. Kwa korosho hazikuhusu. Mwaka 2038 unakuhusu. Namba ya sekunde iliyowekwa kwenye biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 kwa UTC, Jumanne kwetu, saa 12:14 asubuhi. Aina ya TIMESTAMP ya MySQL inaishia hapohapo. Kama programu yako ina mikopo ya miaka mingi au hati za ardhi, mwaka huo umeshakufikia. Tumia biti 64.

Namna ya kujaribu haya yote ni moja: usiruhusu klasi zako zijiulizie zenyewe saa. Zipe objekti ya Saa pale zinapoundwa. Kazini zinapewa saa halisi. Kwenye majaribio zinapewa saa uliyoisimamisha unapotaka. Java wanayo, inaitwa Clock, na .NET 8 ya mwaka 2023 ilikuja na TimeProvider. Simamisha saa yako kwenye 20:59:59Z kisha 21:00:00Z, ambapo kwetu tarehe inageuka. Isimamishe kwenye 23:59:59Z na 00:00:00Z, ambapo kwetu haigeuki. Weka kanda ya mashine ya majaribio iwe ya mahali pa ajabu, Kathmandu kwa mfano, ambako wako UTC na saa 5 na dakika 45 mbele. Jaribio likipita Dar es Salaam na kuanguka Kathmandu, kuna mahali umeiuliza mashine swali ulilopaswa kuiuliza kanda.

Wengi wenu, hata hivyo, hamuanzi upya. Mna jedwali la misimu kadhaa lenye safu moja inayoitwa "muda", na hakuna anayekumbuka iliandikwaje. Usikimbilie kuongeza tatu kote. Chora kwanza mgawanyo wa saa, mwezi kwa mwezi. Tuseme ghala lenu linafunguliwa saa 2 asubuhi. Mwezi ambao mapimo yanaanza 08:00 ni saa za hapa. Yakianzia 05:00, mmeandika UTC, maana hakuna karani anayefungua ghala saa 11 alfajiri. Yakianzia 11:00, kuna mtu aliongeza tatu kwenye saa ambayo tayari ilikuwa yetu. Mara nyingi utaona picha inaruka ghafla siku fulani, siku ambayo seva ilihamishwa au toleo jipya lilitoka. Gawa data kwenye mipaka hiyo, geuza kila kipande kwa kanuni yake, andika matokeo kwenye safu mpya yenye aina inayojua UTC, kama ile timestamptz ya PostgreSQL, na ile safu ya zamani iache ilivyo mpaka hesabu za msimu zifungwe na wakaguzi waondoke.